Jah ni nani? Jibu kwa kijana wa bodaboda na mama yake

Swali la msomaji:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi naendesha bodaboda hapa Arusha. Nyuma ya pikipiki nimebandika stika imeandikwa JAH BLESS. Mama yangu ni mwanakwaya wa siku nyingi, ameniambia niibandue maana Jah ni mungu wa wavuta bangi wa Jamaika na kwenye Biblia hayumo. Kijiweni nako hawaelewani. Mmoja anasema Jah ni neno letu wenyewe, ile 'jaha' ya nyota ya jaha, Wajamaika wameazima. Mwingine kasoma mtandaoni kuwa ni mungu wa mwezi wa Misri ya kale. Nani mkweli? Kwa nini Marasta wanasema Jah ndiye Haile Selassie? Halafu linatamkwa Jah au Yah?"

Marahaba, kijana wangu. Kabla hujabandua chochote, mwombe mama Biblia anayokwenda nayo kwaya. Ikiwa ni ile ya Muungano, yaani tafsiri ya 1952, fungua Zaburi ya 68, mstari wa 4, kisha msome pamoja. Kuna maneno matatu na jina moja la herufi kubwa: "Jina lake ni YAHU". Huyo ndiye Jah. Mama hajakosea kusema kwamba "Jah" hayumo kwenye Biblia yake, kwa maana kwa herufi hizo hayumo. Ila jina lenyewe limo, na yeye mwenyewe ameliimba miaka yote hiyo bila kuambiwa.

Twende polepole, maana umeuliza mambo manne kwa pumzi moja.

Kiebrania cha kale kiliandikwa kwa konsonanti, irabu msomaji alizijaza kichwani. Jina la Mungu wa Israeli lilikuwa na konsonanti nne: yod, he, waw, he. Limo katika Agano la Kale zaidi ya mara 6,000. Pembeni mwa jina hilo refu kuna fupi lake la konsonanti mbili, yod na he, linalosomwa Yah. Hili ni adimu, linatokea karibu mara 50 tu, na sehemu kubwa ni katika Zaburi. Ni jina la kwenye nyimbo. "Hallelu" kwa Kiebrania ni "msifuni", na ukiongeza Yah unapata haleluya, msifuni Yah. Kwaya nzima ya mama yako, kuanzia sauti ya kwanza hadi besi, humtaja Jah kila Jumapili.

Halafu tazama majina ya watu mtaani kwenu. Eliya ni "Mungu wangu ni Yah". Zakaria, ambaye Waislamu nao wanamsoma kwenye Kurani, ni "Yah amekumbuka". Obadia ni "mtumishi wa Yah", na hapo mzizi wa neno "mtumishi" ni uleule uliotupa ibada na jina Abdallah kupitia Kiarabu. Isaya, Yeremia, Nehemia, Sefania, wote wamebeba mkia huohuo. Wakati mwingine jina huja mbele badala ya nyuma: Yohana ni "Yahu amefadhili", Yonathani ni "Yahu ametoa". Na mkia mrefu wa -yahu, ule ulioandikwa kwenye Zaburi ya mama, unausikia redioni kila habari za Israeli zinaposomwa. Netanyahu maana yake ni "Yahu ametoa", sawasawa na Yonathani aliyegeuzwa mbele nyuma.

Maana yake? Kwenye kitabu cha Kutoka 3:13-14 Musa anauliza jina, anajibiwa: "MIMI NIKO AMBAYE NIKO". Katika Kiebrania jibu hilo linacheza na kitenzi cha kuwa, na wanazuoni wengi hulihusisha jina la herufi nne na kitenzi hicho, ama kwa maana ya "yeye yuko" ama "yeye hufanya viwepo". Naupenda uamuzi wa watafsiri wetu wa kusema "niko". Biblia ya Kiingereza iitwayo King James ilisema "I AM THAT I AM", na hiyo "I", yaani "mimi", ishike vizuri, tutaihitaji tukifika Jamaika.

Sasa, kama Biblia inasema Yah, J imetoka wapi? Katika Kilatini herufi moja, I, ilifanya kazi mbili: irabu i na sauti y. J ilizaliwa kama I yenye mkia, pambo la waandishi tu. Ila katika Kifaransa cha kale ile sauti y ya mwanzo wa maneno ilikuwa imekwisha geuka na kutamkwa kama j ya "jamaa", na Wanormandi walipoitwaa Uingereza mwaka 1066 matamshi hayo yakahamia Kiingereza. Ndiyo maana Mwingereza husema Jerusalem, Judah, Joseph, Jeremiah, na sisi tunasema Yerusalemu, Yuda, Yusufu, Yeremia. Kila penye J yake ya kibiblia, weka Y yetu. Jah, ondoa J, weka Y. Umefika.

Biblia ya King James ya 1611, chapa ya kwanza kabisa, iliandika jina hilo IAH, maana wakati huo wachapaji hawakuwa wametenganisha I na J. Chapa za baadaye ndizo zilizoandika JAH. Cha kufurahisha ni kwamba Mwingereza huyohuyo akiandika Hallelujah anaweka j na anatamka y. Jina moja, lugha moja, midomo miwili.

Na hapa ndipo penye uzito. Wafasiri wale wa 1611 waliiacha JAH isimame kama jina mara moja tu katika Biblia nzima, na ni hapo, Zaburi 68:4. Kwingine kote penye Yah waliandika LORD. Walikuwa wanafuata desturi ya zamani: Wayahudi waliacha kulitamka jina la herufi nne kwa kicho, wakawa wanasoma Adonai, "Bwana wangu". Tafsiri ya Kigiriki ikaweka Kyrios, Kiingereza kikaweka LORD, na Kiswahili kikaweka BWANA kwa herufi kubwa. Fungua ukurasa wowote wa Agano la Kale la mama uone.

Fikiri kidogo neno "bwana" katika kinywa cha babu zetu. Bwana ni mume. Bwana ni mwajiri. Bwana ni bwana shauri, bwana mkubwa, Mzungu wa shamba la mkonge. Sisi tumelizoea kanisani hadi hatusikii tena, lakini mtumwa wa shamba la miwa kule Jamaika, akisomewa kwamba Mungu naye ni "Lord", huenda alisikia cheo cha ubwana kama cha watu waliomchapa viboko. Na jina lake mwenyewe walikuwa wamekwisha mnyang'anya: Waafrika waliofikishwa kule walipewa majina na waliowanunua, ndiyo maana mpaka leo Wajamaika wanaitwa kina Edwards na kina Campbell. Watu walionyang'anywa majina hujua thamani ya jina. Walipokuja kuishika Biblia kwa mikono yao wakakuta mahali pamoja ambapo Mungu hana cheo cha utwana na ubwana, ana jina, si ajabu walilishika.

Lakini hawakulishika kwa sababu hiyo peke yake. Shuka kwenye Zaburi hiyohiyo ya 68 mpaka mstari wa 31. Biblia ya mama itakuambia Kushi itahimiza kumnyoshea Mungu mikono. Kushi, kwa Kiebrania, ni nchi iliyokuwa kusini mwa Misri, kandokando ya Nile, sehemu kubwa yake ikiwa Sudani ya leo. Wagiriki waliiita Aithiopia, nchi ya watu wenye nyuso zilizoungua jua, na King James akafuata Kigiriki: kwake ni Ethiopia ndiyo itakayonyosha mikono. Kwa hiyo Mjamaika aliyesoma zaburi moja, ukurasa mmoja, alikuta JAH juu na Ethiopia chini. Wewe na mama mkiisoma zaburi ileile mnakuta YAHU juu na Kushi chini, na hamwoni chochote cha kuwashtua. Mimi nimefundisha Agano la Kale miaka mingi na bado naamini nusu ya Urasta ilizaliwa kwenye ukurasa huo wa Kiingereza. Tafsiri nyingine, dini nyingine.

Mstari wa Ethiopia ulikuwa maarufu Jamaika zamani sana kabla ya Marasta. George Liele, Mweusi aliyewahi kuwa mtumwa huko Georgia, Marekani, alifika kisiwani mwaka 1783 na kanisa alilolianzisha lilikuwa la Kibaptisti la Kiethiopia. "Ethiopia" hapo haikuwa ramani, ilikuwa Afrika nzima na watu wake wote. Marcus Garvey, Mjamaika aliyeanzisha mwaka 1914 chama chake cha UNIA cha kuwaunganisha watu Weusi, naye aliupenda mstari huo. Basi tarehe 2 Novemba 1930, Addis Ababa, akatawazwa Haile Selassie, mfalme Mweusi wa nchi ambayo sasa kwenye ramani inaitwa Ethiopia kweli (wazee wetu waliiita Uhabeshi), akiitwa Mfalme wa Wafalme na Simba Mshindi wa Kabila la Yuda. Msomaji wa Ufunuo hahitaji kufafanuliwa vyeo hivyo vimetoka wapi. Wahubiri wa Jamaika kina Leonard Howell, Joseph Hibbert, Archibald Dunkley na Robert Hinds waliunganisha. Howell alishtakiwa kwa uchochezi mwaka 1934 akafungwa, kosa lake kubwa likiwa ni kuwaambia watu wa koloni la Mwingereza kwamba mfalme wao yuko Afrika.

Jina la mfalme kabla ya kutawazwa ndilo lililowapa Marasta jina: Ras Tafari. Ras ni "kichwa" kwa Kiamhari, cheo cha mkuu, na neno hilo ni ndugu wa ra's ya Kiarabu iliyotupa "rasi" ya pwani na "rasilimali", yaani kichwa cha mali. Tafari ni "anayeogopwa", kwa maana ya kuheshimiwa. Jina la kifalme, Haile Selassie, ni "Nguvu ya Utatu". Selassie ina mzizi wa tatu wa Kisemiti, ndugu wa mbali wa "thuluthi" na "thelathini" zetu. Kwa hiyo mtu anayeitwa Mungu alibeba jina linalokiri Utatu Mtakatifu. Hilo halikuwasumbua Marasta hata kidogo. Wengi wao walisema: Kristo aliahidi kurudi na jina jipya, ndilo hili.

Sasa ile "I" niliyokuambia uishike. Mfalme aliandikwa Haile Selassie I, na hiyo I ni namba ya Kirumi, wa Kwanza. Rasta haisomi "wa Kwanza", anaisoma "mimi". Selassie-Mimi. Ukiiweka pamoja na "I AM THAT I AM" ya Kutoka, unaanza kuelewa kwa nini Rasta husema "I and I" badala ya "mimi" au "sisi": mimi na yule Mimi aliye ndani yangu. Wao huamini sauti ya neno ina nguvu yake. Hawasemi "oppress" kwa kuonea, kwa kuwa silabi ya kwanza inasikika kama "up", juu, na anayeonewa anashushwa, basi husema "downpress". Ukilichukulia kama mchezo wa maneno utalicheka. Kwa mtu aliyelazimishwa lugha ya aliyemnunua, ni ukarabati.

Kwa hiyo Jah wa Marasta ana nyuso tatu, na wao hawazitenganishi kama mimi ninavyofanya hapa. Ni Mungu wa Zaburi. Ni Mfalme wa Ethiopia, kwa wale wanaoamini hivyo. Na ni Mungu aliyemo ndani ya mtu. Anayesema "Jah bless" barabarani anaweza kuwa na wa kwanza tu akilini, au wote. Marasta wenyewe hawako kundi moja: Nyabinghi, Bobo Ashanti na Makabila Kumi na Mawili ya Israeli wana mafundisho yao kuhusu Selassie, wapo wanaomwita Mungu mwenyewe, wapo wanaomwona kama mfalme wa ukoo wa Daudi anayemshuhudia Kristo.

Nyabinghi hiyo, kwa kupita, ni jina letu la Maziwa Makuu. Nyabingi, "mwenye vingi", aliheshimiwa kama roho yenye nguvu Rwanda na Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, na kwa jina lake mwanamke aitwaye Muhumuza aliwapinga wakoloni hadi Waingereza walipomkamata mwaka 1911. Habari zilizotiwa chumvi kumhusu Nyabingi zilichapishwa kwenye gazeti la Jamaika mwaka 1935, mwaka ambao Italia iliivamia Ethiopia, na Marasta wakalichukua jina hilo. Ukiutafutia Urasta uzi wa Afrika Mashariki, vuta huo, uache ule wa jaha.

Na mfalme mwenyewe alisema nini? Alikuwa muumini wa Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia, na huko Mungu haitwi Jah. Wanamwita Egziabher, "Bwana wa nchi", kwa maana ya ulimwengu. Alipotua Jamaika tarehe 21 Aprili 1966 umati ulijaa uwanja wa ndege hadi Mortimer Planno, mzee wa Kirasta, alipopanda ngazi za ndege kuwaomba watu wapishe njia. Mwaka uliofuata, akihojiwa na mtangazaji wa Kanada, alisema yeye ni binadamu atakayekufa na kurithiwa na kizazi kingine. Kanisa lake likapeleka padre Jamaika, na wako Marasta waliobatizwa humo. Bob Marley ni mmoja wao, mwaka 1980. Wengine waliyasikia maneno hayo ya mfalme wakajibu kwamba Mungu mnyenyekevu ndivyo asemavyo. Alipotangazwa kufa Agosti 1975, wengi hawakukubali. Mifupa yake ilifukuliwa kwenye eneo la ikulu mwaka 1992 na kuzikwa katika Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, Addis Ababa, Novemba 2000; na hata hapo kuna waliosema si yake.

Mimi ni Mkristo, sisemi kwamba Haile Selassie ni Mungu. Nasema tu Marasta hawakulitunga jina, walilisoma.

Tumalize na kijiwe. Jaha yetu, ile ya nyota ya jaha na milango ya jaha, ni neno zuri, ila limetoka kwenye jāh ya Kiarabu, yaani heshima na cheo. Halina undugu na Yah. Masikio yamekutanishwa tu. Mungu wa mwezi wa Misri yupo kweli, maandiko ya kitaalamu humwandika Iah, lakini jina lake lina sauti ya kooni katikati ambayo Yah haina, na hakuna njia ya kumtoa huyo hadi kwenye Zaburi. Mwambie huyo rafiki yako kwamba akitaka mawe ya kale, aende Soleb, Sudani. Kwenye hekalu alilojenga Farao Amenhotep wa Tatu katika karne ya 14 kabla ya Kristo limechongwa jina la nchi ya wafugaji Washasu, ambalo wataalamu wengi hulisoma Yhw, na huenda ndiko jina hilo lilikoandikwa kwa mara ya kwanza tunayoijua. Jiwe liko Afrika. Ila wafugaji wenyewe walikuwa upande wa pili, pande za kusini mwa Palestina.

Kuhusu stika, tazama kwanza imechorwa nini. Kama ni maneno mawili tu, mpeleke mama kwenye Zaburi 68. Kama pembeni kuna sura ya mfalme aliyevaa taji, hapo mama ameona kitu cha pili ambacho neno lenyewe halikisemi, na ana haki ya kukuuliza; utajibu wewe, kwa kuwa pikipiki ni yako.

Na matamshi: Kiebrania ni Yah, Kijamaika ni Jah, yote mawili ni halali kwa wenyewe. Lakini usiimeze ile h ya mwisho. Katika Biblia ya Kiebrania waandishi waliweka kinukta ndani ya herufi he ya mwisho wa Yah, kuonya msomaji kwamba hapa he haikai kimya, inapumuliwa. Sisi kwenye haleluya tumeiangusha. Stika yako bado inayo.